Nani Kakwambia Hatupendi Samaki?

Bango lenyewe unalijua. Hata kama hujakanyaga shule ya msingi tangu umalize darasa la saba, ukifumba macho utaliona: sahani ya duara imegawanywa vipande kama keki, kipande cha ugali, cha mchicha, cha matunda, cha maharage, cha samaki. Pembeni mtoto anacheka, sare imenyooshwa, soksi ziko juu. Maandishi makubwa yanataja mlo kamili, afya na akili ya mwanafunzi. Chini kabisa, nembo za waliolipia.

Leo nataka tulihakiki. Ndiyo, kama watu wa fasihi wanavyohakiki riwaya: nani anasema, anamwambia nani, na ameacha nini nje. Hapa tumeshachambua vitabu na tafiti, lakini bango la lishe linaonekana na watu wengi kuliko makala zetu zote zikijumlishwa, na sijawahi kusikia mtu akiliuliza swali. Na kabla hujaniona mjuaji, niseme mapema kwamba mimi mwenyewe nimeshiriki kutengeneza moja. Lilikuwa kipeperushi, siyo bango, lakini hao ni mtu na mdogo wake.

Ilikuwa wakati wa utafiti wangu wa uzamili, kwenye shule moja ya msingi ya kutwa Morogoro. Sehemu ya kazi yetu ilikuwa "kuhamasisha wazazi na wanafunzi juu ya chakula bora cha mchana". Tulikaa watu wanne na kompyuta mpakato moja, tukashusha picha mtandaoni, tukabishana kuhusu rangi kwa siku mbili nzima, tukachapisha. Tulivigawa kwenye kikao cha wazazi. Mwenzangu akaeleza makundi ya vyakula, akaeleza vizuri tu, kisha akauliza kama kuna swali. Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akakishika kipeperushi kwa ncha ya vidole kama risiti.

"Sawa wanangu, tumesoma. Ila nani kakwambia sisi hatupendi samaki?"

Ukumbi ulicheka. Mwalimu mkuu akacheka. Sisi tukacheka kwa adabu, tukasema ahsante kwa swali zuri, tukaenda kwenye swali linalofuata. Hatukulijibu. Nimelibeba tangu siku ile na ndilo nitakalolitumia hapa kama kipimo.

Maana ukilisoma bango kwa jicho la yule mzee, unaona kitu cha ajabu. Karibu kila sentensi ni amri. Zingatia. Hakikisha. Mpatie mtoto. Epuka. Amri ina maana moja ya kimyakimya: kwamba anayeambiwa anaweza kufanya lakini hajui, au anajua lakini hataki. Kipeperushi chetu kizima kilikuwa na sentensi kumi na moja, na tisa zilikuwa za namna hiyo. Hakuna hata moja iliyotaja bei. Hakuna iliyotaja mpishi, kuni, maji, au gunia la mahindi. Tuliandika kuhusu chakula cha mchana shuleni bila kutaja chochote kinachofanya chakula cha mchana shuleni kiwepo.

Na kilikuwepo nini? Makande, siku nne kati ya tano. Siku ya tano ugali na maharage. Hicho ni kwa wale ambao wazazi wao wametoa mchango. Ambao hawajatoa walikuwa wanakaa chini ya mwembe wakisubiri wenzao wamalize, wengine wanakwenda nyumbani na hawarudi vipindi vya mchana. Siku tuliyogawa vipeperushi kwa wanafunzi tulipita pia pale chini ya mwembe. Nilimpa kipeperushi cha mlo kamili mtoto ambaye hakuwa na sahani. Akasema ahsante mwalimu, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni. Nilikuja kuliona lile tukio vizuri baadaye sana, nikiwa naandika sura ya nne ya tasnifu, na ilibidi nifunge kompyuta nitoke nje.

Kama wewe ni msomaji wa nje ya Tanzania, au umesahau, hapa panahitaji maelezo kidogo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Jambo jema kabisa, watoto waliingia darasa la kwanza kwa wingi. Lakini wazazi wengi walielewa kwamba serikali imebeba kila kitu, pamoja na chakula, na walimu wakuu wengi wakaogopa hata kutamka neno mchango. Ufafanuzi ulikuja baadaye, na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kuhusu chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi unaeleza wazi kwamba wazazi na jamii ndio wabebaji wakuu wa jukumu hili. Kwa hiyo chakula cha mchana katika shule ya kutwa ni matokeo ya makubaliano: kamati ya shule, wazazi, mavuno ya mwaka huo, na ujasiri wa mwalimu mkuu. Bango linaongea kana kwamba ni matokeo ya ladha ya mtoto.

Hilo wazo, kwamba tatizo liko kwenye kutaka, halikutoka hewani. Lina historia ya kisayansi, na ni historia yenye aibu kidogo.

Brian Wansink alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mkuu wa maabara iliyochunguza kwa nini watu wanakula wanavyokula. Ujumbe wake ulikuwa mtamu kwa kila mtu mwenye bajeti ndogo: usihangaike kubadili chakula, badili kinavyoonekana. Zipe karoti jina la kishujaa, ziite karoti za kukupa macho ya eksirei, na watoto watazila. Bandika stika ya Elmo, yule mwanasesere mwekundu wa Sesame Street, kwenye tufaha, na mtoto ataliacha biskuti achukue tufaha. Makala zote mbili zilitoka mwaka 2012. Mpango uliotokana na kazi zake wa kupanga upya kantini za shule ulipata fedha za Wizara ya Kilimo ya Marekani na ukaingia maelfu ya shule. Fikiria: stika moja! Ni nani mwenye wizara angekataa?

Kisha, Novemba 2016, Wansink akaandika kwenye blogu yake kumsifu mwanafunzi mgeni aliyekuja kwenye maabara bila malipo. Alimpa data za utafiti ambao haukuwa umetoa majibu waliyoyategemea, akamwambia humo ndani lazima kuna kitu cha kuokoa, atafute. Mwanafunzi akatafuta usiku na mchana, akatoka na makala kadhaa. Profesa alidhani anatoa funzo la bidii. (Wenzangu wa uzamili, mnacheka nini?)

Watu wa takwimu waliposoma walishtuka, na sababu ni rahisi kueleza. Kwa kawaida tunakubaliana kwamba tokeo ambalo bahati tupu ingelileta chini ya mara 5 katika 100 ndilo la kulichukulia kwa uzito. Sawa. Sasa chukua data ambayo haina kitu ndani yake, iulize maswali 20 tofauti: wavulana je? wasichana je? Ijumaa je? waliokaa karibu na dirisha je? Uwezekano wa angalau swali moja kukujibu "ndiyo" kwa bahati tu ni kama asilimia 64. Ukilichapisha hilo moja na kuyaficha yale 19, umetengeneza ugunduzi kutokana na vumbi.

Watu wakaanza kupekua makala zake za zamani, wakakuta namba hazijumlishiki. Ile ya Elmo iliondolewa 2017, tena baada ya kugundulika kwamba watoto waliopimwa hawakuwa wa miaka 8 hadi 11 kama ilivyoandikwa, bali wa miaka 3 hadi 5. Hebu jaribu kumbandikia stika ya Elmo mtoto wa darasa la tano uone atakavyokutazama. Ile ya karoti ikaondolewa 2018. Septemba mwaka huohuo Cornell ikatangaza kwamba uchunguzi wake umemkuta na makosa ya kitaaluma, naye akajiuzulu.

Sisemi kwamba muonekano wa chakula hauna maana yoyote. Una maana, kila mama ntilie anajua. Ninachosema ni kwamba ahadi kubwa, ile ya kubadili mlo wa mtoto kwa kumbadilisha mtoto bila kugusa sufuria, ilisimama juu ya ushahidi ambao haukuwa na miguu. Na sisi huku, ambao hatuna hata kantini za kupanga upya, tuliirithi ahadi hiyo ikiwa imeshakuwa mazoea: ukitaka watoto wale vizuri, chora katuni.

Sasa linganisha na utafiti mwingine ambao haujulikani kabisa mitaani, na ulifanyika hapa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Embu, Kenya, timu ya Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilichukua shule 12 za msingi na kuzigawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja watoto walipewa githeri yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na glasi ya maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nishati yake ilingane na ya wengine. La nne hawakupewa chakula shuleni, familia zao zikapewa mbuzi wa maziwa mwishoni. Githeri, kama hujawahi kuvuka Namanga, ni makande kwa jina lingine. Kwa hiyo huu ni utafiti kuhusu sufuria ileile ninayoizungumzia.

Matokeo yalichapishwa 2003. Watoto wa githeri na nyama waliongoza katika ongezeko la alama za mtihani wa kutambua mifumo na kufikiri, ule usiohitaji kusoma, na misuli yao iliongezeka zaidi. Kwenye viwanja vya michezo ndio waliokuwa wachangamfu zaidi na walioongoza wenzao. Upungufu wa vitamini B12 ulishuka kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa. Kitu ambacho hakikwenda kama ilivyotarajiwa ni damu: hali ya madini ya chuma haikuonyesha nafuu ya maana, na malaria ilikuwa kwenye mazingira yale kila siku. Utafiti una mapungufu pia, shule tatu tu kwa kila kundi ni chache. Lakini tazama ulivyofanywa. Hakuna stika. Hakuna aliyemhamasisha mtoto yeyote. Waliongeza kitu kwenye sufuria, wakapima kilichotokea kwenye mwili na kichwa.

Ukimaliza kuusoma, urudi kwenye kipeperushi chetu, utaanza kuona makosa ambayo si ya mtazamo tu bali ya sayansi yenyewe. Hapa ndipo uso wangu unapata moto.

Samaki wetu, yule aliyemchokoza mzee, alikuwa kipande cha rangi ya waridi. Samoni. Picha ya bure ya mtandaoni. Samoni Morogoro! Wakati dagaa wamejaa sokoni, na dagaa ana karibu kila kitu ambacho nyama ya Embu ilikuwa nayo: B12, zinki, madini ya chuma, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, kalsiamu juu. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria inaishia kwenye chakula cha kuku. Kikombe kimoja cha unga wa dagaa kwenye sufuria ya makande kina ujumbe wa lishe kuliko kipeperushi chetu chote, lakini dagaa hapigi picha vizuri, basi tukamwacha.

Matunda yetu yalikuwa tufaha na zabibu nyekundu. Nyuma ya jengo la darasa la sita pale shuleni kuna mipera mitatu. Wanafunzi walikuwa wanapanda wakati wa mapumziko na mwalimu wa zamu anawashusha kwa fimbo. Pera, kwa uzito uleule, lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa, na tufaha halifiki hata karibu ya chungwa. Kwa nini nashikilia vitamini C? Kwa sababu ya makande yenyewe. Mahindi na maharage ni ndoa nzuri kwa upande wa protini, kila mmoja anajazia amino asidi ambayo mwenzake amepungukiwa. Lakini vyote viwili vina faiteti, kemikali ambayo mmea huhifadhia fosforasi, na faiteti inayashika madini ya chuma na zinki tumboni kama mdaiwa aliyeshikiwa simu, hayapiti. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huohuo inayafungua, na ufyonzwaji wa madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea unaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Neno muhimu ni huohuo. Pera la saa nne asubuhi halisaidii makande ya saa saba mchana. Kwa hiyo shule ilikuwa na dawa yake uani, inawachapa watoto wasiiguse, na ndani ukutani inawaonyesha tufaha.

Mchicha. Kipeperushi kiliandika kwamba mchicha unaongeza damu, na nina hakika umeshaambiwa hivyo na bibi yako na muuguzi wa kliniki. Mchicha una madini ya chuma, ni kweli. Lakini ni ya aina ya mimea, na ndani ya jani hilohilo kuna vitu vinavyoyazuia, kwa hiyo kinachofika kwenye damu ni kidogo kuliko namba iliyoandikwa kwenye jedwali. Mchicha uendelee kuliwa, una mengine mazuri. Ila kumwambia mzazi wa mtoto mwenye upungufu wa damu kwamba mchicha umemaliza kazi ni kumdanganya kwa upole.

Sasa la mwisho, ambalo bado linanisumbua. Pembeni ya sahani yetu nzuri tuliweka kikombe cha chai. Kilikuwa pambo, kilijaza nafasi. Tanini za chai zikinywewa pamoja na mlo wa mimea zinapunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, na majaribio mbalimbali yameonyesha unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Yaani watu wanne wenye shahada ya lishe walichora, kwenye kipeperushi cha kujenga damu ya watoto, kinywaji kinachoizuia. Msimamizi wetu hakuona. Mfadhili hakuona. Mimi niliona miezi saba baadaye nikiwa nakunywa chai.

Na kitu kikubwa zaidi ambacho hakipo kwenye bango lolote nililowahi kuliona ni sumukuvu. Mchango wa mazao unavyoenda, kila familia inaleta debe lake la mahindi, na wewe niambie kweli: debe zuri linakwenda shule au linabaki nyumbani? Mahindi yaliyovunda yanachanganywa na mazima kwenye stoo moja. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, hata makande yapikwe tangu alfajiri. Kuchambua kwa mkono, kutoa punje zilizovunjika, zenye ukungu na zilizobadilika rangi, kunapunguza sehemu kubwa. Hilo halihitaji fedha, linahitaji mkeka na nusu saa, na lingefaa bango kuliko mtoto anayecheka. Lakini ukungu, kama dagaa, haupendezi kwenye picha.

Najua mmoja wenu anasema: wewe unazungumzia shule za kutwa za serikali, vipi zile ambazo mtoto anakwenda na kopo la chakula, ndani krips, soseji mbili na juisi ya pakiti? Pale kweli kuna uchaguzi. Mzazi ana hela, anachagua. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai, na mzazi ambaye hajui hilo akiambiwa anaweza kubadili kesho yake. Nakubali, pale kipeperushi kina kazi. Hata mtoto wa shule ya kutwa mwenye mia tano mkononi, akisimama getini kati ya barafu za rangi na mihogo ya kukaanga na karanga, ana uchaguzi mdogo. Ila angalia kwamba hata hapo ujumbe unaofanya kazi ni ule wenye namba: vijiko tisa. Sahani ya duara haiwaambii kitu wote wawili. Imetengenezwa kwa mzazi wa kufikirika, mwenye fedha za yule wa kwanza na ujinga tunaomdhania yule wa pili.

Kuna mahali wameanza na namba. Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 unamwambia mzazi kitu kimoja kabla ya kingine chochote: shilingi tano za Kenya kwa mlo. Mtoto ana kibangili mkononi, anakigusisha kwenye kifaa, anapewa chakula, na aliye nyuma yake kwenye foleni hajui nani kalipiwa na nani. Gharama iliyobaki inabebwa na serikali ya kaunti na washirika wake. Una maswali yake, hasa uendelevu, na Nairobi siyo Kilosa. Lakini kama tangazo, naliheshimu. Limeanza pale mzee wetu alipoanzia. Na lile suala la foleni, kwamba mtoto asijulikane, mtu aliyelifikiria aliwahi kukaa chini ya mwembe au anamjua aliyekaa.

Nilirudi pale shuleni mwaka uliofuata na rasimu nyingine. Karatasi moja, pande mbili, bila sahani. Juu niliandika kiasi ambacho mlo mmoja unagharimu, tukigawanya kila kitu, mahindi, maharage, chumvi, mafuta, kuni na ujira wa mpishi, hesabu ambayo mwalimu wa chakula alinisaidia kuifanya kwa daftari lake mwenyewe. Chini yake kuchambua mahindi. Kisha unga wa dagaa. Kisha pera litolewe pamoja na sahani, chai isubiri saa moja au mbili. Kisha kuloweka maharage usiku mmoja na kumwaga maji yake, ambako kunapunguza faiteti kiasi na kuni kwa kiasi kikubwa zaidi. Nilijiona nimefika.

Mwalimu mkuu alikisoma chote, akageuza upande wa pili, akarudi wa kwanza. "Hakina picha?"

Nikasema hakina, mwalimu. Akasema sawa, akaniambia nikamwonyeshe mama mpishi. Nilimkuta anasugua sufuria kwa mchanga. Nikamwamkia, nikamsomea. Kwenye dagaa alitikisa kichwa kukubali, akasema kwake ndivyo anavyofanya siku zote. Kwenye mapera akacheka. Kwenye kuloweka maharage akaacha kusugua.

"Dada, nitayaloweka kwenye nini? Stoo inafungwa saa kumi, ufunguo anaondoka nao mwalimu. Nikiyaacha hapa jikoni usiku, asubuhi sikuti maharage wala ndoo."

Sikuwa nimewaza ufunguo. Tulikwenda pamoja kwa mwalimu wa chakula, mazungumzo yalichukua kama dakika ishirini, nyingi zikiwa za nani atabaki mpaka saa kumi na moja. Hela iliyobaki kwenye fungu langu la uchapishaji ilitosha ndoo mbili kubwa zenye mifuniko. Vipeperushi vya samoni vilivyobaki, boksi moja na kitu, viko chini ya kitanda changu mpaka leo.